Barua kwa mwanangu anayeanza kazi kiwanda cha samaki

Mwanangu,

Ukifungua mzigo huu usikimbilie karanga. Soma kwanza.

Juzi kwenye simu nilikuuliza kama umeshamwambia msimamizi wako kwamba una sikoseli, huo ugonjwa wako wa damu wa kurithi unaoitwa pia selimundu. Ukajibu, "Nitamwambia nikishazoeleka, baba." Tangu hapo sijalala vizuri. Jumatatu unaingia zamu kwenye kitengo cha ubora, na ile fomu ya kupima afya uliyonisomea ina mstari wa magonjwa ya kudumu. Mstari huo umeuacha wazi. Nakujua.

Najua pia umejifunzia wapi. Fomu zako za shule zilijazwa kwa mwandiko wangu, na mahali hapo pameandikwa "baridi yabisi". Haya, tuendelee.

Shida ya kungoja uzoeleke ni kwamba kiwandani kila kinachokulinda kinafanana na uvivu. Anza na maji. Figo za mtu wa SS, yaani aliyerithi sikoseli kwa wazazi wote wawili, hazibani mkojo, maji yanapita tu, kwa hiyo unahitaji lita tatu kwa siku, na utakwenda chooni mara nyingi kuliko wenzako. Sasa kwenye ukumbi wa minofu chupa ya maji hairuhusiwi, kwa sababu za usafi. Ukitaka kunywa au kwenda haja unavua glavu, aproni na gambuti, unatoka. Ukirudi unavaa upya, unanawa kwa sabuni, unapaka dawa ya mikono, unakanyaga dimbwi la klorini ndipo unaingia. Hizo ni dakika kumi hadi kumi na tano. Ukitoka mara nne kwa zamu, karibu saa nzima imekwenda, na msimamizi asiyejua ataandika kwenye daftari lake kwamba kijana mpya anatoroka kazi. Vijana wengi wakishaonywa mara moja huacha kunywa ili wasitoke. Ikifika saa nane usiku mgongo umeshaanza kuuma.

Kwa hiyo kunywa nusu lita kabla ya kuvaa, halafu nusu lita kila baada ya saa mbili, zilizobaki umalizie nyumbani. Sheria inakupa mapumziko ya saa moja ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Waombe wayagawe vipande vya robo saa. Kwao hakuna hasara, ila hawawezi kukugawia kitu ambacho hujakiomba, na huwezi kukiomba bila kusema sababu.

Kubwa kuliko maji ni chumba cha baridi. Ghala la minofu iliyogandishwa linakaa nyuzi 18 chini ya sifuri, na pale pa kugandishia haraka ni 35 chini ya sifuri au zaidi. Mtu wa ubora huingia humo kutoboa mnofu na kupima joto la katikati, kukagua katoni, kusoma saa za mashine. Wenzako watatetemeka, watatoka, watacheka. Wewe baridi inabana mishipa, damu inakwenda polepole, chembe nyekundu za damu zinapoteza hewa na kujikunja kama mundu, zinaziba. Maumivu si lazima yaanze mle ndani. Yanaweza kukupata kitandani saa sita baadaye, ukadhani ni uchovu. Na yale makoti mazito ya kuingilia huwa machache, yanavaliwa kwa zamu, unayakuta na jasho la aliyetangulia. Koti lenye unyevu ndani ya baridi ile ni bora usilivae. Usiingie kabisa. Dakika mbili ni nyingi.

Kazi za ubora ziko nyingi nje ya chumba kile: mapokezi ya samaki, maabara, kumbukumbu za joto, ukaguzi wa maji na klorini. Omba hizo. Mapokezi nako kuna hila yake, maana sangara anashuka amefukiwa kwenye barafu na wewe ndiye unayemshika, unampima urefu ili wa chini ya sentimita 50 arudishwe, unamchoma kipimajoto kuona kama yuko chini ya nyuzi 4. Vaa glavu nyembamba za pamba ndani ya zile za mpira. Mama yako ameweka jozi nne, ubadilishe zikilowa. Soksi vilevile, jozi mbili kwa zamu.

Gambuti chagua namba moja zaidi ya mguu wako na ukunje soksi juu ya kifundo. Sababu si fasheni. Gambuti ikikusugua kifundoni, mwenzako atapata lengelenge la siku tatu, wewe utapata kidonda cha miezi. Damu haifiki vizuri pale, na maji ya klorini yanakiamsha kila siku. Ukiona ngozi ya kifundo imekuwa nyeusi na inang'aa, au inawasha, usingoje ipasuke.

Fomu ya daktari sasa. Kiwanda cha chakula lazima kikupime kabla ya kukupanga kazi. Watakuta macho yako ya njano na damu 7.8 (gramu za himoglobini kwa desilita). Daktari asiyejua historia yako atawaza homa ya ini, na mwenye homa ya ini hapewi kisu cha minofu. Unaona? Ukinyamaza, macho yako yatasema kabla yako, tena yatasema uongo. Mwingine ataona hiyo 7.8 akuandikie kuongezwa damu haraka. Kiwango chako cha siku zote ni kati ya 7.5 na 8. Kikiwa hapo na huna dalili mpya, huhitaji damu, na ukiongezwa kupita kiasi inakuwa nzito na kuziba zaidi. Kiandike kwenye kadi ukae nacho kwenye pochi, pamoja na kundi lako la damu na dawa zako.

Barua ya daktari wa hospitali ya Bugando nimeiweka kwenye bahasha ya kaki. Nilimwomba asiishie kutaja ugonjwa. Ameandika unachoweza kufanya na unachotakiwa kukwepa: maabara na mapokezi sawa, chumba cha baridi hapana, maji na choo wakati wowote, zamu za usiku mfululizo hapana. Barua inayosema tu "ana selimundu" humtisha bosi. Inayosema mpangie nini humpa kazi ya kufanya. Toa nakala tatu. Moja ya daktari wa kiwanda, moja ofisi ya utumishi, moja ubaki nayo. Msimamizi mwambie kwa mdomo, peke yenu, mwanzoni mwa zamu kabla mashine hazijawashwa. Useme hivi: nina selimundu, ni ugonjwa wa damu wa kurithi, hauambukizi watu wala samaki, kazi naiweza, naomba haya manne. Basi. Usianze na pole nyingi. Mwambie pia yule wa huduma ya kwanza. Wengine hawahusiki, na hapo siri yako ni haki yako.

Nitakwambia ukweli ambao utautumia kunipinga. Miezi sita ya kwanza sheria haikulindi sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa siku 126 katika kila miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Lakini asiyetimiza miezi sita kazini hadai likizo yenye malipo, na kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali nayo haimhusu. Kwenye orodha ya ubaguzi uliokatazwa ulemavu umetajwa, VVU vimetajwa, sikoseli haikutajwa kwa jina. Kwa hiyo ndiyo, wanaweza kukuacha. Nimelipima hilo usiku kucha. Naona bado ni afadhali waseme hapana Jumatatu, nauli ya kurudi unayo, kuliko wakukute umeanguka kati ya katoni Alhamisi na hakuna anayejua ni nini. Baada ya miezi sita mambo yanabadilika, na wakikuachisha kazi kwa uonevu una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Weka nakala ya kila cheti cha ugonjwa, hata cha siku moja.

Usiku najua unautaka kwa ile ziada ya asilimia 5. Usiutake. Daktari akithibitisha kwamba kazi ya usiku haikufai, mwajiri haruhusiwi kukupangia. Asilimia 5 ya mshahara wa kuanzia hainunui hata kitanda cha siku mbili wodini.

Haidroksiyurea, dawa yako ya selimundu, nimeweka vidonge 120, yaani siku 60 kwa viwili vya miligramu 500 kila siku, kulingana na kilo zako 54. Vimeze unapoamka, saa yoyote utakayoamka, ili zamu isivichanganye. Ukisahau kimoja usilipie kwa kumeza mara mbili. Usifungue ganda lake. Dawa hii haitulizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Inafanya kazi polepole, miezi mitatu hata sita, na ukiiacha wiki mbili "kwa sababu niko vizuri" unakula akiba ya miezi. Mwaka wa mwisho chuoni uliruka kliniki mbili. Nilinyamaza kwa sababu ya mitihani, nikakosea na wewe ukakosea. Foliki, ile vitamini ya damu, ni kidonge kimoja cha miligramu 5 kila siku. Kabla vidonge havijaisha nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kwangwa, hapo hapo Musoma, uliza siku ya kliniki, upime damu kamili, maana dawa hii ikizidi inashusha chembe nyeupe na mtu anaanza kuugua hovyo. Bima ya kiwanda uliza inaanza tarehe gani na kama inalipia hiyo dawa. Usidhani tu.

Maumivu yakianza kazini: toka kwenye baridi, vua vilivyolowa, kunywa nusu lita, jifunike, meza parasetamo mbili za 500. Baada ya saa sita unaweza kurudia, lakini usizidi vidonge nane kwa siku. Ibuprofeni ni ya siku moja moja, baada ya kula, isiwe mazoea kwa sababu ya figo zako. Na sikiliza hili, maana uko kiwanda cha samaki: mtu wa huduma ya kwanza amefundishwa kwamba penye maumivu huwekwa barafu, na barafu imejaa kila kona. Kwako barafu ni kuwasha moto kwa petroli. Chupa ya maji ya uvuguvugu, basi. Atalijua hilo kama ameambiwa.

Usingoje zamu iishe ukiwa na homa ya 38, au kifua kinachouma unapovuta pumzi, au mkono mmoja umelegea, au maneno hayatoki vizuri, au tumbo limevimba upande wa kushoto. Hapo ni gari moja kwa moja hospitali.

Kuna lile jingine ambalo mama yako hawezi kuliandika. Uume ukisimama bila sababu na hautaki kulala, mara nyingi alfajiri ukiwa umekaukiwa maji: kojoa, kunywa maji, tembea. Saa mbili zikipita nenda hospitali, saa nne ni dharura kamili na ukichelewa unaweza kuharibika moja kwa moja. Usione haya kwa muuguzi. Mimi niliona haya kukwambia mpaka leo, na una miaka 23.

Huku wote wazima. Cheti chako mama yako amekitundika juu ya saa ya ukutani na kila anayeingia lazima akisome, hata aliyekuja kusoma mita ya maji. Mdogo wako amehamia kwenye kitanda chako siku ile ile uliyoondoka, hakungoja hata vumbi la basi litulie. Ada yake ya muhula nimelipa nusu. Usitume kitu mwezi huu, mshahara wa kwanza ulipe chumba na ununue godoro zuri na blanketi mbili, Musoma upepo wa ziwa usiku si wa mchezo. Chumba chako kiwe na choo karibu, usiku utaamka mara tatu. Chandarua nimekuwekea cha duara, kichomekee chini ya godoro kila siku. Malaria kwako si homa ya siku tatu.

Mbuzi mwekundu amezaa wawili. Bati la jikoni linavuja tena pale pale, fundi anakuja Jumatatu asubuhi na misumari yake ya zamani, nimemkatalia, nimenunua yenye mpira. Shangazi yako wa Bunda anasema basi likisimama hapo utoke umsalimie. Nimemwambia ungeachwa.

Chupa ya chai iliyo ndani ya sweta ni ya maji ya moto kazini, uiache chumba cha kubadilishia nguo. Kizibo chake kinavuja kidogo upande mmoja, ukifunga kikaze na kitambaa. Ukishaongea na msimamizi nipigie, hata kama ni saa mbili asubuhi. Nitakuwa juu ya bati na fundi, lakini simu ninayo mfukoni.

Baba yako