Barua kwa Baba Mdogo kuhusu mawe ya mvua

Leeds, Uingereza

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo, na mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, baridi nimeshaizoea, na ile kazi ya usiku bado ipo. Hayo yanatosha kuhusu afya yangu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Unasema nimemweka Babu kitabuni, nimemfanya muuaji mbele ya Wazungu, nimeuza siri ya mawe yake ya kuitia mvua, na kwa hiyo ukoo unadai mgao wake, ambao kwa kuanzia ungetosha kuezeka upya nyumba ya Babu na kulizungushia uzio shamba la zabibu. Nimeumia, Baba Mdogo, lakini sikukujibu papo hapo, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtoto humwacha mkubwa amalize kwanza.

Nianze na fedha. Mchapishaji hutoa malipo ya awali, nayo hayaji kwa mkupuo: fungu la kwanza hutoka unaposaini mkataba, la pili unapokabidhi muswada ukakubaliwa, la tatu kitabu kinapotoka, na kila fungu wakala wangu hulikata asilimia 15 kabla halijanifikia. Baada ya hapo mrabaha wa nakala zinazouzwa hufidia kwanza hayo malipo ya awali, na mpaka yaishe kufidiwa sipati hata shilingi. Iko sheria moja ya hapa, ya mwaka 1979, inayonifurahisha: mwandishi hulipwa peni chache kila kitabu chake kinapoazimwa katika maktaba ya umma, ingawa hata aliye mashuhuri kupindukia hapati kwa njia hiyo zaidi ya pauni 6,600 kwa mwaka. Mimi mwaka huu nimepata za kununua viatu. Ni viatu vizuri, lakini ni viatu.

Hata hivyo msidhani nachezea kalamu huku. Kitabu changu kimepangwa dirishani katika duka la vitabu la katikati ya mji, nami nilisimama nje kwenye manyunyu kwa nusu saa nzima nikijifanya nasubiri basi. Shangazi, aliyesema uandishi si kazi, naomba afikishiwe habari hiyo kama ilivyo, na dirisha lisiachwe.

Jalada lenyewe nililipigania. Mchoro wa kwanza ulikuwa na minazi. Minazi, Baba Mdogo, Kongwa yetu ya Dodoma! Nilipolalamika wakaleta twiga na jua jekundu, nikakataa tena, nikawapelekea picha ya ule mbuyu wa njia panda ya kwa Mama Pendo, usio na jani hata moja wakati wa kiangazi, wenye kovu pale ulipochunwa magome ya kamba, na ndio unaoonekana sasa, pamoja na kovu lake.

Sasa hilo la Babu. Hadithi yangu inatokea Kongwa mwaka 1949, wakati wa ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuutupa mwaka 1951, baada ya mvua kuwakatalia, udongo kukauka ukawa kama saruji, na mibuyu kuwasumbua matrekta. Karani wa kupima mvua anakutwa amekufa, na mzee mwenye mawe ya mvua anakamatwa kwa sababu siku tatu kabla waligombana hadharani. Kwamba mibuyu huhama usiku ni ubunifu wangu, na mwandishi wa hadithi za ajabu haulizwi ushahidi. Upelelezi ndio wenye sheria kali: kila kitakachomfichua muuaji, msomaji awe ameshaonyeshwa mapema bila kujua kwamba ameonyeshwa. Hilo sikulijifunza huku. Nililijifunza katika kile kitabu cha marehemu Baba cha mpelelezi Bwana Msa, kilichoandikwa na Mohamed Said Abdulla, kisicho na jalada, tulichokisoma kwa zamu kwa mwanga wa koroboi, na ambacho, nasema kwa adabu, kilipotelea nyumbani kwako.

Siri ya mawe sikuiuza, kwa maana sikuwahi kuambiwa; Babu aliwaambia wavulana. Nilichochukua ni kikohozi chake, vile alivyokuwa akikohoa mara tatu nje ya mlango kabla ya kupiga hodi, na hicho nakiri ni cha kwake. Usiku nilipokiandika nilisikia harufu ya mlenda jikoni kwangu, ambako hakuna mlenda, nikaifunga kompyuta nikalala.

Tatizo ni aliyekusomea. Najua kijana alikutafsiria mpaka sura ya kumi na moja, pale mzee anapotiwa pingu, kisha akarudi zake chuoni, nanyi mkaitisha kikao cha ukoo juu ya nusu ya kitabu. Katika hadithi za namna hii, anayekamatwa mapema mara nyingi siye. Mzee wa mvua hakuua mtu.

Nimemtumia Dada laki nne: mbili za mabati, mbili za Mama, naomba zisichanganywe. Uzio usubiri kitabu cha pili, ambacho muswada wake naukabidhi mwezi wa tisa.

Jina la muuaji nimeliandika katika karatasi ndogo iliyomo ndani ya bahasha hii, iliyokunjwa mara mbili. Isome ukiwa peke yako kisha uichome, kwa sababu Mama namsomea kwa simu kila Jumapili, na bado yuko sura ya nne.

Ni mimi mwanao,
wa Leeds