Barua kwa mwanangu anayekwenda Rustenburg

Mwanangu,

Ujumbe wako kuhusu mgodi wa platinamu unakokwenda kufanya kazi ya jiolojia huko Rustenburg, Afrika Kusini, nimeusoma, na mama yako nikamsomea kwa sauti. Umeeleza vizuri: kwamba miaka kama bilioni 2 iliyopita uji wa mawe ulipanda kutoka tumboni mwa dunia, ukatuama chini ya eneo la Bushveld, ilipo Rustenburg, na kupoa polepole, madini yakijipanga tabaka juu ya tabaka. Kwamba matone ya salfa, yasiyochanganyika na uji ule kama mawese yasivyochanganyika na maji, ndiyo yaliyokusanya platinamu. Na baada ya yote hayo tani moja ya mwamba hutoa gramu 4 hadi 6 tu. Nimeelewa, na nimejivunia. Lakini maelezo marefu kiasi hicho, hakuna hata sentensi moja kuhusu dari ya mgodi utakaoingia.

Nimetafuta mwenyewe. Huo mkanda wa kromaiti, madini meusi ya kromu, mnaouita UG2 na mnaouchimba kwa ajili ya platinamu, unene wake mara nyingi haufiki mita moja. Juu yake kuna piroksinaiti, mwamba mgumu, na ndani ya mwamba huo zinapita nyuzi nyembamba za kromaiti. Kwenye nyuzi hizo ndiko unakobanduka. Mtu anatazama juu anaona dari nzima, kumbe bapa la mawe limeshaachana na lililo juu yake. Ulijua, ukaninyamazia ili nisikatae.

Sikatai. Ila usikae chini ya dari ambayo haijagongwa kwa mtaimbo. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali. Uliolegea huitika kwa sauti nzito ya uvungu. Ukisikia uvungu, toka, na wenzako uwatoe.

Na pale mkanda unapozama ghafla ukakata tabaka za chini, yale mashimo uliyoyachora kwenye daftari lako, usikae kuyastaajabia. Nyufa huwa nyingi pembeni yake. Wewe ndiye utakayewachorea wachimbaji ramani, na mstari ukiukosea, mwingine ndiye atakayesimama chini yake. Gonga kwanza, chora baadaye.

Novemba 2023 huko huko Rustenburg lifti iliyokuwa ikipandisha wachimbaji mwisho wa zamu ilishuka ghafla, wakafa watu zaidi ya 10. Tangu niisome habari hiyo sina usingizi mzuri. Hata hivyo, la lifti huna unaloweza kulifanya. La dari unaweza.

Utakuta wazee mgodini, wengine wametoka Lesotho na Msumbiji. Waamkie, kaa nao. Wamesikiliza mwamba tangu hujazaliwa. Huko migodini kuna lugha yao, Fanakalo. Jifunze kwanza maneno ya hatari, salamu zitafuata. Mzee akikuambia toka, toka, maswali utauliza nje. Wewe una tabia ya kubishana ukiwa na hakika. Iache getini.

Mimi nilibeba masanduku ya sampuli za kuchoronga kule Kapalagulu, kusini mwetu kando ya Ziwa Tanganyika, mawe ya jamii hiyo hiyo, meusi, mazito. Hakuna aliyenieleza nabeba nini. Leo wewe ndiye unayenieleza, na furaha yangu siifichi, hata kama mwaka ule nilisema jiolojia si kazi ya msichana na ada ya kwanza ikatoka kwenye mawese ya mama yako.

Mdogo wako amefaulu mtihani wa majaribio, hisabati bado inamsumbua. Mpigie simu yeye mwenyewe, mimi hanisikilizi. Bati mbili za jikoni zilizotoboka tumebadilisha. Shangazi yako anaomba umletee blanketi zito ukirudi, nimemwambia asubiri upate mshahara kwanza. Mama yako amekukaushia dagaa na kuwafunga vizuri, usiwaache kwa kisingizio cha uzito wa mizigo.

Ukipangiwa zamu nitumie ratiba. Na uniambie dari ya huko inagongwa na nani, saa ngapi.

Baba yako