Risala ya Walimu kwa Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mafunzo ya Uongozi wa Shule, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Maafisa Elimu Kata, wenyeviti wa kamati za shule, mabibi na mabwana,

Sisi walimu wakuu, wasaidizi wao na walimu wa taaluma wa shule za msingi tunaohitimu leo mafunzo haya ya siku tatu, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungia, na barabara zetu za huku mlimani unazijua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika siku hizi tatu swali lililotutoa jasho ni hili: mwalimu mkuu anapohama, nini kinabaki shuleni? Mwenzetu mmoja aliripoti kituo kipya akakabidhiwa funguo kumi na moja zisizo na alama na leja iliyoishia mwezi Machi. Mtangulizi wake hakuwa mzembe. Alikuwa mchapakazi ambaye mambo yote aliyaweka kichwani, na siku ya kuondoka aliondoka nayo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku huingizwa moja kwa moja katika akaunti ya shule, hivyo kubadilisha watia saini benki kukichelewa, hata chaki hukosekana.

Wazee wetu Wachagga walipochimba mifereji ya kuleta maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, waliweka zamu za maji na siku za kuzibua, na vijana wakapanda na wazee hadi kwenye chanzo; ndiyo maana baadhi ya mifereji hiyo imewazidi umri walioichimba. Nasi tumekubaliana kwamba mwalimu mkuu msaidizi ataongoza vikao kwa zamu, mwalimu wa taaluma ataandaa rasimu ya mpango wa shule, na viranja wa darasa la sita watafanya kazi pamoja na wale wa la saba kabla ya kukabidhiwa. Tukiri kwamba kumwachia msaidizi kalamu si rahisi, kwa sababu taarifa ikifika wilayani na makosa, anayeitwa ni mwalimu mkuu.

Kwa unyenyekevu tunaomba mambo mawili. Kwanza, uhamisho utoe nafasi kwa anayeondoka na anayeingia kukaa pamoja wiki mbili, wakihesabu mali na kusoma leja mbele ya kamati ya shule. Pili, wasaidizi wapelekwe kwenye mafunzo ya uongozi ya Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), Bagamoyo, kabla ya kuteuliwa, kwani wengi wetu tulijifunza ukuu tukiwa tayari tumeukalia.

Tunaomba kuwasilisha.