Sina gari, na sitaki kuhurumiwa

Mhariri,

Kila nikikutana na jamaa zangu huniuliza lini nitavuta ndinga. Nikiwajibu sina mpango huo, wanadhani mfuko umetoboka. Fedha ningejipangia, ninachokosa ni sababu. Naishi Kimara, kazini ni Posta. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 yana njia yao katikati ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo foleni ya Ubungo naitazama dirishani tu. Kubanana kupo, tena asubuhi kunakera kwelikweli, lakini mafuta, bima, matairi na fundi havinihusu.

Kinachonichosha ni kile kipande cha kutembea. Ukishuka kituoni, njia ya waenda kwa miguu imegeuzwa maegesho. Gari limepanda ukingo, pua imegusa ukuta wa duka, na mama mwenye mtoto mgongoni inabidi ashuke barabarani apishane na bodaboda. Masika ikifika, ongeza na dimbwi. Halafu tunaambiwa tuache magari nyumbani! Wahusika waanze kwa kuyatoza faini magari hayo. Miti ya kivuli tutadai baadaye.

Mtembea kwa miguu,
Kimara, Dar es Salaam