Mlionyesha daftari la wateja wangu kwa nchi nzima

Kaptembwo, Nakuru
9 Juni 2025

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya utayarishaji wa vipindi vya runinga,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: KIPINDI CHA FEDHA ZA FAMILIA MLICHOREKODI NYUMBANI KWETU

Mimi ni yule mama muuza waru (viazi) wa Kaptembwo ambaye wafanyakazi wako walishinda naye siku nne mwezi wa Machi. Kipindi chetu kilipeperushwa Jumapili, tarehe 18 Mei, saa mbili na nusu usiku. Tangu hapo nimepiga simu ofisini kwenu mara sita, na kila mara naambiwa mhusika ametoka kwenda kurekodi. Kwa hivyo nimeamua kuandika.

Nianze na daftari, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi.

Ni daftari la kurasa 200, jalada gumu la bluu, ninaloliweka chini ya meza ya kibanda ndani ya mfuko wa unga ili mvua isilifikie. Humo naandika mteja, alichochukua na pesa ninazomdai. Akilipa, napiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu anaponiambia, "Mama, niandikie," huwa ameshusha sauti. Anajua anaandikwa mahali tunapopaona sisi wawili tu. Hata watoto wangu hawalifungui.

Mpiga picha wenu alipoomba kulirekodi, nilikataa. Mwongozaji akaja, akaketi juu ya kreti karibu nami, akanieleza kwamba wanataka tu watazamaji waone kuwa naweka rekodi, na kwamba maandishi yatafifishwa yasisomeke. Mume wangu alikuwepo akisikia. Kijana wa maikrofoni alikuwepo akisikia. Nikalifungua.

Siku ya kipindi, kurasa mbili za daftari langu zilijaa skrini nzima. Majina 17, deni la kila mtu mbele ya jina lake, na chini yake mmeandika kwa herufi nyekundu: "FEDHA ZILIZOPOTEA: SH11,640." Nilikuwa nimewaalika majirani waje tutazame pamoja. Watatu kati ya hao 17 walikuwa wameketi sebuleni kwangu, kikombe cha chai mkononi.

Pesa hizo hazikupotea. Wateja wangu wengi ni vibarua wa viwandani na walinzi wa usiku, na mshahara wao huja mwisho wa mwezi. Waru huliwa kila siku. Nisipowaandikia kuanzia tarehe 15, hawatanunua kwangu, na hawatanunua tarehe mosi wakishalipwa. Kufikia tarehe 6 Aprili, wiki mbili tu baada ya kunirekodi, katika hizo 11,640 nilikuwa nimeshalipwa 10,900. Mngenipigia simu kabla ya kurusha kipindi ningewasomea mistari myekundu mmoja mmoja.

Kuna mwalimu wa chekechea kwenye ukurasa ule. Alikuwa na deni la 1,150. Wazazi wa watoto anaowafundisha walisoma jina lake. Sasa akitoka kazini huvuka barabara mapema, apitie upande ule mwingine, asinisalimie. Mzee mmoja alikuja Jumatatu asubuhi kabla sijapanga meza, akahesabu 420 zake kwa sarafu za shilingi kumi na ishirini, akaziweka juu ya waru, akaondoka bila kusubiri risiti ya mdomo ya "asante mzee". Nimemuuzia mzee yule miaka saba. Nimeenda kwake mara mbili kuomba radhi na mara zote nimeambiwa amelala.

Hawa watu hawakutia sahihi fomu yenu. Hawakupewa hata soda. Mimi nilikubali mambo ya nyumba yangu yaonekane, na hilo sitalikana. Ya kwao sikuwa na uwezo wa kuyatoa, na ndiyo sababu nilikataa mara ya kwanza.

Jambo la pili ni mume wangu.

Mshauri wenu wa fedha alipiga hesabu ya gunia ubaoni. Alisema nanunua gunia kwa 4,000, lina madebe sita, debe moja nikiuza kwa mikebe linatoa 1,000, basi faida ni 2,000 kila gunia. Nilimweleza taratibu, kamera ikiwa imewashwa, kwamba gunia haliko hivyo. Kanuni za mwaka 2019 zinasema waru zifungashwe zisizidi kilo 50 kwa gunia, lakini kinachotufikia soko la Wakulima bado mara nyingi ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu, na huwezi kuona katikati kuna nini mpaka ulimwage. Ukilimwaga unakuta zilizokatwa na jembe, zilizooza, na zile za kijani ambazo mteja hazigusi. Mimi hubaki na madebe matano ya kuuza. Toa mkokoteni 150, toa ushuru 50, faida yangu ni 800. Nilimwaga gunia zima mbele ya kamera yenu nikazichambua, mikono ikiwa imejaa udongo, ili aone kwa macho yake. Alinishukuru.

Sehemu hiyo yote mliikata. Mlichobakiza ni 2,000 yake ya ubaoni. Mkachukua tofauti ya 1,200, mkaizidisha kwa magunia matatu ya wiki, mkaizidisha kwa wiki nne, mkaandika: "SH14,400 HUENDA WAPI KILA MWEZI?" Na picha iliyofuata ilikuwa mume wangu akitembea, nyuma yake mlango wa baa.

Mume wangu hanywi pombe. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na baa ile iko kwenye njia anayopita kutoka karakana za jua kali kuja nyumbani. Mpiga picha wenu ndiye aliyemwambia arudi nyuma apite tena, mara mbili, kwa sababu jua lilikuwa linampiga machoni. Hakuna aliyesema kwa mdomo kwamba anakunywa pesa zangu. Hamkuhitaji kusema. Ndugu yake alipiga simu kutoka Vihiga usiku uleule kumuuliza ameanza lini. Kanisani, ambako anahesabu sadaka kila Jumapili, ameombwa apumzike kidogo. Hizo 14,400 hazijawahi kuwepo, Bwana Mkurugenzi. Mmemtwika mtu lawama ya pesa ambazo hata mimi sijawahi kuziona.

Naye hajanilaumu, ingawa mimi ndiye niliyejaza fomu ya kuomba tushiriki. Anaondoka alfajiri siku hizi na kurudi giza likiwa limeingia, na sasa anazungukia njia ya mbali.

Nisiwe mtu wa kukataa jema. Mshauri alinifundisha kutenga pesa za biashara na za nyumba, na hadi leo nina mikebe miwili, mmoja wa waru na mmoja wa ugali na nauli. Ushauri huo umenisaidia. Huo ndio msaada niliokuwa nautafuta nilipoomba kushiriki, na familia nyingi za hapa zingefaidika kuuona. Ninachouliza ni kwa nini nyinyi haukuwatosha kuonyesha.

Kuhusu zawadi, tuliahidiwa 50,000 za kukuza biashara na tumepokea 20,000. Zilizobaki ni 30,000. Fomu tuliyotia sahihi hatukuachiwa nakala yake, na ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Tuliambiwa pia tungeonyeshwa kipindi kabla hakijatoka. Hatukuonyeshwa.

Nimeuliza wanaojua sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya faragha pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaniruhusu kuondoa idhini yangu wakati wowote, na inampa kila mmoja wa wale 17 haki ya kudai habari zake zisahihishwe au zifutwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Jina la mtu likiwa na deni lake mbele yake halina uzito mdogo kuliko picha.

Kwa hivyo naomba, na nasema naomba kwa sababu bado natumaini tutaelewana: kipindi kiondolewe YouTube na kurasa zenu zote leo, si mwezi ujao. Kama mtakirudisha, kurasa za daftari zisiwemo kabisa, hesabu ya gunia iwe ile niliyoionyesha kwa mikono yangu, na picha ya mume wangu penye baa itolewe. Mtume barua ya kuomba radhi, kwa Kiswahili, kwa kila mteja aliyeonyeshwa, na nyingine kwa mume wangu, ambayo anaweza kuipeleka kanisani. Mseme kwenye kipindi chenu kijacho, saa ileile ya Jumapili, kwamba hesabu mliyotangaza ilikuwa na makosa. Nipewe nakala ya fomu na salio la zawadi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka ayamalize ndani ya siku 90, na pia kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Wateja tisa wamekubali kutia sahihi pamoja nami. Mwalimu bado sijapata nafasi ya kumuuliza.

Wafanyakazi wako wakitaka kuhakikisha ninayosema, waje kibandani asubuhi yoyote isipokuwa Jumapili. Niko hapo kuanzia saa kumi na mbili. Gunia nitalimwaga tena. Daftari sitalifungua.

Wako mwaminifu,

Mama muuza waru, Kaptembwo
(pamoja na mume wangu, aliyeisoma barua hii na kuikubali)