Lebo ya "haina lehemu" isitutoshe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wasichague mafuta ya kupikia kwa sababu tu chupa imeandikwa "haina lehemu", yaani kolesteroli, kwa kuwa mafuta ya mimea kwa asili hayana lehemu ya kutajika. Kinachopandisha lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa, katika damu ni hasa mafuta yaliyoshiba, yaani aina ya mafuta ambayo aghalabu huganda yakipoa, ambayo ni karibu nusu ya mawese, ilhali katika alizeti, ile inayokamuliwa kwa wingi Singida, ni takribani asilimia 10 tu. Maharage na kunde nazo, ambazo wengi kwa masikitiko yangu huziona chakula cha kimaskini, zina nyuzinyuzi zinazonasa nyongo utumboni, hata ini likalazimika kuchota lehemu damuni kutengeneza nyongo nyingine. Watengenezaji waandike kiasi cha mafuta yaliyoshiba mbele ya chupa, kwa herufi kubwa.

Msomaji wako,
Dodoma