Watu wapewe nafasi ya kujaribu kwanza

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa yenu iliyodai kwamba watu huchelewa kupokea teknolojia mpya kwa sababu ya ujinga. Dai hilo limeniuma, kwani linamdharau mtu mwenye hofu yenye msingi.

Mwaka 1943, Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti kuhusu mbegu chotara za mahindi huko Iowa, Marekani. Kati ya wakulima 259 waliohojiwa, wote isipokuwa wawili walikuwa wamezikubali kufikia 1941. Wengi walizisikia kwanza kwa wauza mbegu, lakini aliyewashawishi hasa ni jirani. Hata hapo, mkulima hakupanda shamba zima: alianza na kipande kidogo, akangoja mavuno, msimu uliofuata akaongeza. Mbegu hizo zilipaswa kununuliwa upya kila mwaka, na hilo si jambo dogo kwa aliyezoea kuchagua mbegu katika mavuno yake mwenyewe.

Naomba wanaoeneza teknolojia wapunguze matangazo, wagharimie majaribio madogo, na wawalipe watumiaji wa mwanzo kwa muda wao wa kuwaonyesha majirani inavyofanya kazi, pamoja na kasoro zake.

Msomaji wenu